Kumtafutia Mtoto Mwalimu wa Nyumbani: Gharama, Makosa na Yale Ambayo Ningependa Kuambiwa Mapema

Katika jiji la Dar es Salaam mwalimu wa kumfundisha mtoto nyumbani haadimiki. Wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira ya serikali ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na wengi wa walioko mjini hujikimu kwa tuisheni za majumbani. Bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, ujumbe mmoja katika kundi la WhatsApp la wazazi, hata dereva wa bajaji anayemfahamu kijana fulani aliyesomea ualimu: njia yoyote kati ya hizo itakuletea mtu mlangoni kabla wiki haijakwisha. Kilichonigharimu fedha, usingizi na sehemu kubwa ya mwaka wa masomo wa binti yangu ni kwamba mwalimu alifika nyumbani kabla hatujajua anatakiwa kufundisha nini.

Binti yangu aliingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika sekondari ya kata ya kutwa, akitokea shule ya msingi ya serikali ambako kwa miaka saba masomo yote, isipokuwa Kiingereza chenyewe, yalifundishwa kwa Kiswahili. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameingia darasa la tatu. Mwaka huo ndipo mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa darasa la kwanza na darasa la tatu, kwa hiyo mdogo alikuwa katika darasa la mwanzo la mabadiliko hayo, na wazazi tuliokuwa tukiulizana mambo katika makundi yetu hatukuwa na kaka wala dada wa mtoto yeyote aliyekwisha kupita njia ile. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha. Huondoka nyumbani Tabata saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza likiwa limeingia, na baba yao kazi yake iko Mwanza. Tulipopokea matokeo ya majaribio ya nusu muhula, binti ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba kwa wastani wa B alikuwa na 18 katika Hisabati, 22 katika Fizikia na 25 katika Baiolojia. Mdogo wake alikuwa akianguka katika Hisabati peke yake.

Kwa kuwa alama mbaya za binti zilikuwa za sayansi na hisabati, tulitafuta mwalimu wa sayansi na hisabati. Wakala mmoja anayejitangaza Instagram alitaka ada ya usajili ya shilingi 20,000, kisha shilingi 250,000 kila mwezi kwa siku nne za wiki, saa moja na nusu kila siku. Tulielezwa kwamba malipo yote yapitie kwake. Aliyeletwa alikuwa kijana mpole mwenye shahada ya ualimu wa Fizikia na Hisabati, anayefika na begi lililojaa madaftari yake mwenyewe ya sekondari, ambayo aliyatunza vizuri sana. Alikuwa akiandika, binti ananakili. Daftari la tuisheni likawa zuri kuliko la shule, lina michoro iliyopigwa kwa rula na vichwa vya habari vilivyopigiwa mistari kwa wino mwekundu, na mimi nilipolifungua usiku niliridhika kwamba fedha inafanya kazi. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipokuja, alama zilibaki karibu palepale.

Katikati ya miezi hiyo kulikuwa na kero ya mahudhurio. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali, na kijana yule alikuwa akiishi Kigogo, ng'ambo ya Bonde la Msimbazi, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha haji. Lakini hata siku za jua alikuwa akichelewa, na mara nyingine alifika viatu vimejaa vumbi na shati limelowa jasho. Nilikuwa nimekwisha kumpigia wakala simu ya ukali kabla dada anayetusaidia kazi za nyumbani hajaniambia kwamba mwalimu huja kwa miguu. Siku nilipomuuliza mwenyewe, kwa haya nyingi, alisema, "Mama, mimi ninapata laki moja na thelathini, na mwezi huu bado hajanitumia." Kati ya shilingi 250,000 tulizokuwa tukitoa, karibu nusu ilikuwa haimfikii mtu anayefundisha.

Mzazi anayetumia wakala ni vyema aulize mbele ya wote wawili, tangu siku ya kwanza, mwalimu atapokea kiasi gani na lini. Wakala anayekubali kulipwa mara moja tu kwa kazi ya kukutanisha, kisha akajitoa, anaweza kuwa na manufaa kwa mtu asiye na muda. Wakala anayetaka kushika mshahara wa kila mwezi ana sababu ya kutuma mwalimu wa bei ya chini kabisa na hana sababu ya kujali kama amekula. Mwalimu aliyetembea kutoka Kigogo na kuanza somo saa kumi na moja jioni bila chakula cha mchana hawezi kufundisha vizuri, awe na shahada gani.

Likizo ya Juni niliomba siku chache za mapumziko kazini nikakaa na binti mezani. Nilichukua karatasi zake za mitihani, zile zenye alama za kalamu nyekundu, na kumwomba ayafanye tena maswali aliyokosa, moja baada ya jingine, bila haraka. Katika Hisabati kulikuwa na swali la kutafuta mzingo wa mstatili wenye urefu na upana uliotajwa. Aliliangalia, akaandika fomula ya eneo, akafuta, akaacha wazi. Nililisoma swali lile lile kwa Kiswahili, nikiwa sijabadilisha chochote, naye akalijibu kabla sijamaliza kusoma, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la kitoto. Tukahamia Baiolojia. Alisoma ukurasa mzima wa kitabu kwa Kiingereza, matamshi yake hayana kasoro, na nilipomwomba anieleze alichosoma alinyamaza. Nilipomuuliza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, alinieleza usanisinuru wote kama alivyoufundishwa shule ya msingi, maji, hewa ya ukaa, mwanga wa jua na yote.

Kilichoniumiza zaidi ya zile fedha ni alichosema baada ya hapo. Tangu Januari alikuwa akiamini kwamba amekuwa mjinga ghafla, na kwamba wale waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza wana akili kuliko yeye. Hakuwa amemwambia mtu. Shule huwa na kozi ya Kiingereza katika majuma ya kwanza ya kidato cha kwanza ili kuwavusha watoto wa aina yake, lakini majuma machache hayawezi kubeba miaka saba, hasa katika chumba chenye wanafunzi karibu sabini. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa akimwongezea maneno mengine ya Kiingereza ya kunakili juu ya yale ambayo hakuyaelewa darasani.

Kazi ile ya mezani ndiyo ninayowahimiza wazazi waifanye kabla ya kupiga simu yoyote, na haihitaji mzazi awe msomi. Alama zenyewe hazikuambii mengi. Karatasi ya mtihani ndiyo yenye habari. Kila jibu lililokosewa liwekwe katika fungu lake: maswali ambayo mtoto hakuelewa yanataka nini, maswali aliyoyaelewa lakini hajui njia, na yale anayoyajua ila alikosea kwa haraka au uchovu. Kwa binti yangu fungu la kwanza lilikuwa kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa. Fungu la pili halikuwa tupu, kwa sababu aljebra ilikuwa kweli imempiga chenga, na ilikuwa afadhali kulijua hilo nalo kwa jina. Baada ya hapo nilikwenda shuleni kuonana na mwalimu wake wa darasa, jambo ambalo nilikuwa nikiliahirisha kwa kudhani kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi hivyo hawezi kumfahamu mtoto mmoja. Alimfahamu. Kwa dakika chache aliniambia kwamba binti hajawahi kunyoosha kidole tangu aanze shule isipokuwa katika kipindi cha Kiswahili. Mazungumzo hayo hayakunigharimu kitu.

Mzazi mwenye mtoto anayekaribia mtihani wa taifa anaweza pia kuingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako huwekwa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo huonyesha swali, jinsi watahiniwa wengi walivyolikosea na kwa nini, zikiambatana na picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono. Nyingi za darasa la saba zimeandikwa kwa Kiswahili. Niliposoma ile ya Hisabati niliona kwamba wanaokosa hesabu za mafumbo kwa sababu ya kutolielewa swali ni wengi mno, hata pale swali linapokuwa katika lugha yao.

Safari ya pili tulitafuta mwalimu wa Kiingereza ambaye haogopi kitabu cha sayansi. Maelezo yalipokuwa mahususi namna hiyo, walioitikia walikuwa wachache na maswali yao yalikuwa bora. Wawili walifika kufundisha somo la majaribio, nami niliwalipa wote kwa saa hiyo, kwa sababu kumwita mtu avuke jiji na kufanya kazi bure ni dhuluma. Wa kwanza alikuwa na vyeti vya kupendeza na Kiingereza cha redioni. Alizungumza kwa saa nzima, akaeleza nyakati zote za vitenzi, na binti aliandika kurasa nne. Wa pili, mwanamke aliyesomea ualimu wa Kiingereza na Jiografia na kumaliza kwa daraja la kawaida, alimwomba binti achague ukurasa wowote wa Baiolojia anaouchukia. Walisoma aya moja tu. Kila sentensi binti alitakiwa kuieleza kwanza kwa Kiswahili, kisha aiandike upya kwa Kiingereza chake mwenyewe, kibaya au kizuri, na mwalimu alisahihisha sentensi zile zile alizoziandika mtoto. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kama somo la tuisheni linakwenda vizuri, hutazama kalamu iko mkononi mwa nani kwa muda mrefu zaidi.

Tulikubaliana shilingi 10,000 kwa kila kipindi, nauli ikiwa ndani yake, siku tatu kwa wiki, kipindi kikiwa cha saa moja na nusu. Mwezi wa kawaida ulifika shilingi 120,000, chini ya nusu ya tulichokuwa tukimlipa wakala, na karibu sawa na alichokuwa akipokea yule kijana kwa siku nyingi zaidi. Malipo ya kila kipindi yalitufaa kuliko ya mwezi kwa sababu mvua, msiba au mtihani wa shule vikiingilia hakuna anayemdai mwenzake. Tulikuwa na daftari dogo la mahudhurio ambalo mwalimu na binti walitia saini wote wawili, na kila Ijumaa jioni nilituma fedha kwa simu kulingana na saini zilizopo. Mwalimu asiyelipwa kwa wakati huanza kuahirisha, na hataeleza sababu.

Kuhusu vyeti, kuna jambo moja rahisi ambalo wazazi wengi hawalijui. Cheti cha kidato cha nne na cha sita kina namba ya mtahiniwa, na matokeo ya miaka mingi yamewekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kwa kufuata shule na namba hizo. Ukiwa na namba na mwaka unaweza kuona mwenyewe alipata nini katika somo analotaka kumfundisha mwanao. Nilipolifanya hilo kwa mmoja wa waliopendekezwa, cheti alichonionyesha kilikuwa na C ya Hisabati na tovuti ilikuwa na F. Zaidi ya hapo tulimwomba kila mwalimu nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi. Asiye na jambo la kuficha hukasirika kidogo, kisha huileta. Hata hivyo karatasi hizo humthibitisha mtu na alichosoma tu, hazisemi lolote juu ya anavyofundisha, na nimekutana na wazazi wanaozikusanya kwa bidii halafu wasikae hata siku moja kusikiliza somo.

Suala la usalama wa mtoto nilitamani kuliruka, kwa sababu si rahisi kuliandika bila kuwavunjia heshima walimu wengi waungwana. Kabla hatujampata yule mwalimu wa Kiingereza, alikuja mwingine aliyependekezwa kwa sifa nyingi katika kundi la wazazi. Wiki ya kwanza alimwomba binti namba ya simu ili awe anamtumia maswali. Binti hutumia simu ya zamani ya dada yetu wa kazi, na huko ndiko nilikokuta ujumbe wa saa nne usiku unaouliza kama amelala na kama amechoka. Hapakuwa na neno chafu. Sikumtuhumu kwa lolote. Nilimlipa siku alizofundisha na kumwambia kwamba tumebadilisha mpango. Nilipoliandika katika kundi lile, bila kumtaja, mama mwingine alinijia faragha na kuniambia kwamba nyumbani kwake ilikuwa hivyo hivyo na alikuwa ameona haya kusema.

Kanuni tulizojiwekea baadaye zimekuwa za nyumba nzima. Somo hufanyika sebuleni au barazani, mlango ukiwa wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Mazoezi na mawasiliano yote hupitia simu ya mzazi. Mwalimu hampi mtoto zawadi wala fedha ya vocha bila mzazi kujua, na mtoto anajua kwamba akimkataa mwalimu hataulizwa sababu mbele ya mwalimu huyo. Watoto wote wawili wanaifahamu namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na wameiandika nyuma ya madaftari yao. Mwalimu mzuri hushukuru kwa kanuni hizi, kwa sababu zinamlinda yeye pia dhidi ya maneno ya mtaani.

Habari ya mdogo wake ilikwenda njia nyingine kabisa. Mwalimu wake wa darasa aliendesha tuisheni jioni kwa wanafunzi wake mwenyewe, na mtoto alirudi akisema kwamba sehemu ngumu ya somo huelezwa jioni. Sijui kama ilikuwa kweli au ni hisia za mtoto anayeona wenzake wakibaki, lakini mzazi anayesikia hivyo hulipa, nasi tulilipa muhula mzima. Baadaye tulimhamishia kituo cha mtaani, katika nyumba ambayo haijakamilika, ambako kwa shilingi 1,000 kwa siku watoto wa kuanzia darasa la pili hadi la saba hukaa kwenye mabenchi katika chumba kimoja na mwalimu mmoja hupita kutoka benchi hadi benchi. Vituo kama hivyo vina kazi yake. Kwa mzazi anayerudi usiku ni mahali salama pa kumweka mtoto, naye hufanya mazoezi akiwa na wenzake, na aliyeelewa darasani huimarika. Mwanangu hakuwa ameelewa. Alirudia makosa yale yale kila siku, kwa mwandiko uliozidi kuwa mzuri.

Aliyemfungua ni mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa pili, bibi aliyefundisha darasa la kwanza na la pili kwa sehemu kubwa ya utumishi wake. Nilimweleza kwamba kijana ameshindwa kugawanya. Hakunijibu; aliniambia nimletee madaftari yote ya zamani ninayoweza kuyapata, na bahati nzuri ya darasa la pili yalikuwa chini ya uvungu wa kitanda. Aliyapekua taratibu huku mtoto akicheza nje, kisha akamwita na kumpa hesabu ya 52 kutoa 27. Mtoto akaandika 35. Bibi akampa nyingine na nyingine, na kila pale tarakimu ya juu ilipokuwa ndogo kuliko ya chini, alitoa iliyo ndogo katika iliyo kubwa bila kujali ipi iko juu, badala ya kuchukua kumi moja kutoka kwenye makumi. "Mwanangu," akaniambia, "huyu hana tatizo la kugawanya. Katika kugawanya kuna kutoa ndani yake, na kutoa hajui tangu darasa la pili. Mnamjengea ghorofa bila kumwaga msingi."

Alifundisha kwa njiti za kiberiti zilizofungwa kumikumi kwa mpira. Mtoto alipotaka kutoa saba katika mbili alilazimika kufungua fungu moja kwa mkono wake na kuona kwamba mbili zimekuwa kumi na mbili. Hadi fungu lile lilipofunguliwa bila kuambiwa, bibi hakumruhusu kushika kalamu. Malipo aliyoyataka ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na alikataa nyongeza, ingawa hakukataa mchele nilioletewa kutoka Kyela. Kabla muhula haujaisha alinirudishia mtoto akisema kwamba mtoto hamhitaji tena, na kwamba kuendelea kunilipisha itakuwa kuniibia. Katika walimu wote waliopita nyumbani kwetu, ndiye peke yake aliyewahi kuniambia kazi yake imekwisha.

Kwa sababu hiyo, mwalimu yeyote ninayezungumza naye sasa namuuliza swali ambalo huwashangaza wengi: utajuaje kwamba mtoto huyu hakuhitaji wewe tena? Anayejibu kwamba tuisheni ni ya kudumu hadi mtihani, sina haja naye. Kwa binti tulikubaliana kwamba kila baada ya majuma manne atafanya, peke yake na bila daftari, mazoezi ya kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania kutoka kwenye mada aliyoisoma mwezi uliotangulia. Vitabu hivyo vinapatikana katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo, na vilitusaidia kumaliza ule mtindo wa kunakili madaftari ya zamani. Nafasi ya darasani, ya ngapi kati ya wangapi, tuliacha kuitumia kama kipimo. Watoto wengi wa darasa lake nao wana tuisheni, kwa hiyo mtoto anaweza kupiga hatua kubwa na bado akabaki nafasi ile ile, nawe ukampiga kwa maendeleo yake mwenyewe.

Uchovu nao ni gharama ambayo haionekani kwenye daftari la malipo. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akasimama ndani ya daladala, akakaa darasani hadi alasiri, kisha akaanza tuisheni saa kumi na moja jioni, hufika mahali ambapo anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Wakati wa yule kijana wa sayansi binti alikuwa akisinzia mezani na mimi nikimwamsha. Tulipopunguza siku kutoka nne hadi tatu na kuziacha Jumamosi na Jumapili kabisa, alama hazikushuka. Watu wa nyumbani walinilaumu kwa Jumamosi hizo, hasa shangazi yao, ambaye watoto wake husoma siku zote saba na ambaye huona mapumziko ni uvivu.

Elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali haina ada tangu 2016, na wazazi wengi hupanga bajeti kana kwamba kilichobaki ni sare, madaftari na nauli. Kwa mwaka 2024, tuisheni za watoto wawili zilikula fedha nyingi kuliko mahitaji yao mengine yote ya shule yakijumlishwa, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikwenda katika miezi ile ya wakala, ya mwalimu wa darasa na ya kituo, ambayo haikuwafaa kitu. Mwaka uliofuata tulitumia chini ya nusu ya kiasi hicho.

Oktoba 2025 mdogo alifanya upimaji wa darasa la nne na kufaulu bila kishindo, Hisabati ikiwa sawa na masomo yake mengine. Dada yake alifanya upimaji wa kidato cha pili Novemba, ule ambao anayeshindwa hurudia mwaka, akapata B ya Baiolojia, B ya Kiingereza na C ya Fizikia. Hisabati alipata D. Lugha ilipoondoka njiani, aljebra ilibaki imesimama pale pale, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametuonya tangu mapema kwamba hilo si eneo lake.

Ilibidi basi tuachane naye na kutafuta mwalimu wa Hisabati wa siku mbili kwa wiki, naye niliona ni haki apewe taarifa ya mwezi mmoja kama mfanyakazi mwingine yeyote. Watu wengi humwacha mwalimu wa nyumbani kwa kutopokea simu. Tulimlipa vipindi vyote vya mwezi huo, vikiwemo viwili ambavyo sisi ndio tuliokuwa safarini, binti akamrudishia vitabu vyake, na nikamwandikia barua fupi inayotaja alichofundisha, kwa muda gani na mtoto alitoka wapi akafika wapi. Aliniomba niongeze namba yangu ya simu chini ya saini. Tangu hapo nimepigiwa na wazazi wa Segerea na Kinyerezi wanaotaka kujua habari zake, na kabla ya kuwajibu huwauliza kwanza kama wamekwisha kukaa na karatasi za mtihani za watoto wao.